Mti Una Wakati Wake: Somo la Kukausha na Kutayarisha Mti wa Upinde



Somo letu la safari hii ni kwa vikundi vinavyotengeneza pinde za kuuza, na pia kwa wale wanaochonga vinyago, miko, vigoda na fimbo. Tumechagua upinde kwa sababu ndio unaofichua haraka kazi iliyoharakishwa. Mwiko uliobaki na maji ndani unaweza kuvumilia miezi kadhaa. Upinde hauvumilii. Unapovutwa, kila uzi wa mti unafanya kazi, na palipo na kasoro ndipo panapovunjika.

Jambo tunalotaka mlikumbuke ni moja. Mti hukauka kwa wakati wake. Kikundi kinachotaka kuuza na kulinda jina lake lazima kipange kazi kwa kuufuata mti, si kwa kuifuata siku ya soko.

KWA NINI TUNAANZIA BIASHARA STREET

Wengi wenu mnaijua Biashara Street, kisiwani Mombasa, upande wa magharibi wa Digo Road, si mbali na Marikiti. Ni mtaa wa leso na vikoi. Hapo ndipo penye duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za "Mali ya Abdulla", ambao historia yao ya biashara inaanzia mwaka 1887. Mama anayenunua doti ya leso zao hana haja ya kuuliza maswali mengi. Anatazama maandishi kwenye pindo, basi. Jina limejengwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa tazameni upande wenu. Kikundi kimoja tunachokitembelea, huko bara ya Kwale, kilipeleka pinde 30 kwa mfanyabiashara mmoja katika mtaa huo mwezi wa Desemba, wageni walipokuwa wengi. Mwezi wa Februari mwenyekiti alirudi kuchukua pesa zilizobaki. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Karibu, Mama. Lakini mzigo wako umenitia aibu."

"Kwani una nini, mwanangu?"

"Hebu tazama mwenyewe. Hizi kumi zina nyufa, na hii moja imejipinda kama nyoka. Mgeni mmoja alinirudishia mbele ya wateja wengine."

"Zilipotoka kwetu zilikuwa nzima, Wallahi."

"Nakuamini, Mama. Lakini mteja hanunui maneno. Hizi zichukue, na zile za Julai tulizoagana, tungojee kwanza."

Alipofika nyumbani ndipo shida kubwa ilipoanza. Wengine walisema vijana walikata mti mbaya. Wengine walimlaumu mwenye stoo. Mmoja akasema huenda mwenyekiti na mweka hazina wamepokea bei ya pinde 30 na kuleta bei ya 19. Hata maneno ya husuda na kijicho yakaanza kunong'onwa. Karo za watoto zilikuwa zinangojea pesa zile.

Tulipoitwa kusuluhisha, tuliomba tuonyeshwe stoo kabla ya kuonyeshwa vitabu. Miti ilikuwa imekatwa Novemba, katikati ya mvua za vuli, ikachongwa baada ya siku chache na kupelekwa mjini kabla ya wiki nne kwisha. Vitabu tulivisoma baadaye, na hesabu ilikuwa sawa. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na maji ndani ya mti.

MAJI YANAFANYA NINI NDANI YA MTI?

Mti mbichi una maji ya namna mbili. Ya kwanza yamejaa katika vijishimo vidogo vidogo vya mti, kama maji ndani ya sifongo. Haya hutoka kwanza, na yanapotoka mti unapungua uzito lakini haupungui unene. Ya pili yameshikamana na kuta za vijishimo hivyo. Mti ukifika kiasi cha sehemu 30 za maji kwa sehemu 100 za mti mkavu, haya ya pili ndiyo yanayoanza kutoka, na hapo mti huanza kurudi, kama vile kitambaa kipya cha pamba kinavyorudi kikifuliwa mara ya kwanza.

Lakini mti haurudi sawa pande zote. Kwa urefu haurudi karibu kabisa. Kutoka nje kuelekea moyo hurudi kidogo. Kwa kuzunguka, yaani kufuata duara la gogo, hurudi kama mara mbili ya hapo. Ndiyo maana gogo la mviringo likikauka hupasuka kwa ufa ulionyooka kutoka ngozi kuelekea moyo. Duara limekuwa dogo kuliko kilichomo ndani yake.

Ukiweka mti mbichi juani, ngozi ya nje hukauka na kurudi huku ndani kungali kumejaa maji. Nje inabana, ndani inakataa, mti unachanika. Kwa hiyo ubaya wa jua kali ni kukausha nje kabla ya ndani. Tunataka nje na ndani ziende pamoja, polepole.

Jambo la pili: mti hata ukikauka huendelea kupumua na hewa ya mahali ulipo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Mti uliokaa katika stoo ya wazi pwani hubaki na maji kama sehemu 14 hadi 16 kwa 100. Katika nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, mti hushuka hadi sehemu 6 hadi 8. Kumbe hata upinde uliotulia vizuri pwani utarudi tena kidogo ukifika kwa mgeni. Kama ulikuwa mbichi, utapasuka bila shaka, na jina la kikundi litapasuka nao.

Kwa upinde wa kuvutwa, mafundi hupenda sehemu 8 hadi 10 kwa 100. Ukizidi hapo sana, upinde ni mzito na mvivu. Ukishuka chini ya 6, unakuwa mkavu mno na huvunjika kama bua la mahindi. Kwa hiyo msitie mti katika tanuri la mkate mkidhani mnasaidia.

Tuna methali isemayo: samaki mkunje angali mbichi. Kwa samaki na kwa malezi ya watoto ni kweli. Kwa upinde ni kinyume. Upinde ukivutwa ungali mbichi, hubaki umekunjika hivyo hivyo, nguvu zake zimekwisha.

UJUZI HUU NI WETU

Wengine hufikiri kukausha mti ni mambo ya viwandani. Sivyo. Waata, wanaoishi bara ya Kilifi, Tana River na kando ya Tsavo, ambao katika vitabu vya zamani waliandikwa kama Waliangulu, walikuwa na pinde kubwa zilizohitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuvutwa, yaani zaidi ya kilo 45. Upinde wa namna hiyo hauwezi kutengenezwa kwa mti uliokauka ovyo.

Historia yao ilikuwa na machungu. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa dhidi ya uwindaji wa ndovu, wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, ili Waata wapate riziki kwa uwindaji uliosimamiwa, lakini haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Kilichobaki halali ni ufundi wenyewe: kujua mti, kuukausha, kuuchonga. Huu ndio urithi ambao kikundi kinaweza kuuendeleza kwa ngoma za utamaduni, mapambo, maonyesho na mchezo wa shabaha.

Wachongaji Wakamba nao wamepitia shule hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kule Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha Ukambani. Chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Mpingo na muhuhu ulipoanza kuwa adimu, wachongaji waligeukia mwarobaini na mwembe. Miti hii inapandwa na kukua upesi, lakini ikifanyiwa haraka hupasuka. Mti ukibadilika, ukaushaji nao lazima ufikiriwe upya.

HATUA ZA KAZI

1. Kuchagua mti. Tafuteni mti hai, ulionyooka, usio na mafundo, unene wa kifundo cha mkono cha mtu mzima au zaidi kidogo, na urefu wa mtu pamoja na shubiri moja. Miti ya jamii ya mkone inafaa. Wakamba huuita mmoja wao mulawa, na huutumia kwa pinde na mishale. Tazameni mistari ya gome. Ikiwa inazunguka mti kama kamba iliyosokotwa, na nyuzi za ndani zimezunguka pia, na upinde utajipinda. Uacheni.

2. Kukata kwa majira. Kata wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Pwani, Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni haba, ni wakati mzuri. Kata kwa msumeno karibu na ardhi na kwa mshazari, ili maji ya mvua yasitulie juu ya kisiki, na kisiki kiweze kuchipua. Usikate yote ya mahali pamoja.

3. Kuziba ncha siku hiyo hiyo. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa sana, na gharama yake ni ndogo. Maji hutoka kwenye ncha zilizokatwa upesi mara nyingi zaidi kuliko ubavuni. Kwa hiyo ncha hukauka kwanza na kupasuka, na ufa hupanda juu. Pakeni nta ya nyuki iliyoyeyushwa, au rangi ya mafuta iliyobaki, au gundi ya mbao, mara mbili, na mshuke ubavuni kama upana wa vidole viwili. Msingoje kesho.

4. Kupasua. Mti mnene upasueni kwa kabari, msiupasue kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi za mti, msumeno huzikata. Mti mwembamba si lazima upasuliwe. Utachongwa upande mmoja tu, ule wa tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji.

5. Kutoa gome na kulinda mgongo. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, nao ndio unaovutika. Toeni gome kwa kisu butu, polepole, bila kukata mti ulio chini yake. Uzi mmoja ukikatwa mgongoni, hapo ndipo upinde utakapoanzia kuvunjika. Mkishatoa gome, pakeni mgongo nta au rangi kama mlivyofanya kwenye ncha, ili usipasuke. Gome likibaki muda mrefu, bungua hujificha chini yake na kula ule mti mweupe wa nje.

6. Kupunguza unene. Mti mnene hukauka polepole sana. Chongeni tumbo kidogo mpate umbo la upinde lililo nene, kama mara moja na nusu ya unene mnaoutaka mwishoni. Halafu fungeni kila kipande kwa kamba juu ya ubao ulionyooka, sehemu nne au tano, ili kisijipinde kikiwa kinakauka. Kila wiki kazeni kamba, kwa kuwa mti unapungua.

7. Kupanga stooni. Paa la makuti linafaa sana. Wekeni miti juu ya matofali au magogo, kama futi moja na nusu kutoka ardhini, mbali na mchwa. Kati ya safu na safu wekeni vijiti vya unene wa kidole gumba, ili hewa ipite. Upepo uingie, jua na mvua visiingie. Miti isiegemezwe ukutani, maana itachukua mpindo wa kuegemea.

8. Kumalizia kwa joto dogo. Baada ya wiki kadhaa stooni, mti utakuwa umefika mahali hewa ya pwani inaporuhusu. Ili ushuke zaidi, unahitaji joto dogo. Njia ya wazee ni uchaga wa juu ya jiko, mahali ambapo moshi na joto hufika lakini ndimi za moto hazifiki. Njia nyingine ni sanduku la jua. Tengenezeni kibanda kidogo cha mbao chenye paa la nailoni nzito inayopitisha mwanga. Chini ya paa laza bati lililopakwa rangi nyeusi, na miti ikae chini ya bati, isipigwe na jua lenyewe. Tobolea matundu chini upande wa mbele, na juu upande wa nyuma, hewa ya moto ipate kutoka na unyevu. Joto lisizidi lile ambalo mkono unaweza kulivumilia ndani kwa muda. Usiku zibeni matundu. Angalieni: mti mbichi kabisa usiingie humo. Stoo kwanza, sanduku baadaye.

MTAJUAJE KWAMBA UMEKAUKA?

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Mmoja anagonga mti na kusema umelia vizuri, mwingine anaugusa na kusema bado. Tusigombane, tupime. Mti unaokauka hupungua uzito kila wiki. Ukiacha kupungua, umefika mwisho wake kwa mahali hapo.

Mkiwa na mizani ya jikoni au ya dukani, chagueni vipande vitatu vinene kuliko vyote, vitieni namba, na mvipime kila Jumamosi. Tuseme kipande cha kwanza kilianza na gramu 1,600. Kitashuka 1,450, halafu 1,360, halafu 1,300, kila wiki upungufu ukizidi kuwa mdogo, hadi kitulie tuseme 1,195. Kikitulia wiki tatu mfululizo, kiko tayari kutoka stooni kwenda kwenye joto dogo. Baada ya hapo endeleeni kupima mpaka kitulie tena.

Msipokuwa na mizani, tengenezeni yenu. Chukueni ufito ulionyooka wa mita moja. Fungeni kamba katikati kabisa, muuning'inize kwenye boriti. Kateni kijino kila upande, umbali sawa kutoka katikati. Upande mmoja ning'inizeni mti, upande wa pili kopo la mchanga mkavu. Ongezeni au punguzeni mchanga mpaka ufito ulale sawa. Fungeni kopo vizuri na kuliandika namba ya mti. Wiki ifuatayo, mtaona kopo limekuwa zito kuliko mti. Toeni mchanga kwa kijiko mpaka zilingane, na muandike ni vijiko vingapi. Wiki ambayo hamtoi hata nusu kijiko, mti umetulia. Hata mwanachama asiyejua kusoma anaweza kusimamia kazi hii, na kila mmoja akaona kwa macho yake.

Tahadhari moja: wakati wa mvua za mwaka, Aprili hadi Juni, mti unaweza kutulia au hata kuongezeka uzito kwa sababu hewa imejaa maji. Huko si kukauka. Tumieni uchaga au sanduku, au ngojeni.

KUCHONGA NA KUTUNZA

Mti ukiwa tayari, malizieni kuchonga kwa shoka dogo, kisu na msasa. Upindeni kidogo kidogo kila mnapopunguza, mikono yote miwili ya upinde ikunjike sawa. Msiuvute hadi mwisho siku ya kwanza. Mkiona unga laini ukidondoka na vitundu vidogo, hao ni bungua. Tengeni kipande hicho na kukichoma, wasihamie kwa vingine.

Mwishowe pakeni mafuta ya kitani, yanayokauka na kushika, halafu nta. Mafuta ya nazi hayakauki, na vumbi hushikamana nayo. Mafuta hayazuii kabisa mti kupumua na hewa, ila yanapunguza kasi, na hivyo yanaukinga na nyufa.

Msifunge pinde kwa nailoni, maana unyevu hunaswa ndani. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Biashara Street ina mafundi cherehani wengi. Zungumzeni nao juu ya mabaki ya vikoi, mshone ala ndefu ya kila upinde. Mti utahifadhika, na mgeni ataona kazi mbili za pwani kwa pamoja.

HESABU YA KUNGOJA

Wanachama watauliza: "Tungoje miezi mitano bila pesa? Tutakula nini?" Swali hili ni la haki. Tufanye hesabu ya mfano, bei zikiwa za kujifunzia tu.

Pinde 30 kwa shilingi 700 ni shilingi 21,000. Zikirudi 11, mmepoteza shilingi 7,700, mnabaki na 13,300. Oda ya pili nayo imepotea. Upande wa pili: nta, rangi, kamba na mbao za kufungia, tuseme shilingi 2,400. Hata mkiongeza ufito na makopo, ambayo hayana bei, kungoja ni rahisi kuliko kurudishiwa.

Dawa ya njaa ya katikati ni kupanga makundi ya miti yafuatane. Kata Januari na Februari, kausha stooni hadi Machi, pitisha mvua juu ya uchaga, uza Julai na Agosti. Kata tena Agosti, mvua zikiwa zimepungua, uza Desemba. Kila wakati kuna mti unaokauka, mti unaochongwa na mti unaouzwa. Mwaka wa kwanza ni mgumu, kwa hiyo anzeni na miti michache bila kuacha shamba wala kuku. Tengeni akiba ndogo kila mauzo, ili mwanachama mwenye shida akope hapo badala ya kuomba pinde mbichi zipelekwe mjini.

Na mkikubaliana na mwenye duka, mwambieni ukweli: tutaleta pinde 15 zilizokauka, hatuna 30. Muandikie kila upinde tarehe ya kukatwa na namba yake. Ukirudishwa, mtajua ulitoka kundi gani la miti, na hakuna atakayemshuku mwenzake. Daftari hilo ni ulinzi wa mweka hazina kuliko kiapo.

SHERIA NA MIIKO

Kateni katika mashamba yenu, au kwa ruhusa ya mwenye shamba. Msitu wa serikali una ruhusa yake, inayotolewa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Msitu wa kaya haukatwi. Wazee wa kaya wameukataza tangu zamani, na kaya za Wamijikenda zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Pandeni miti yenu ya pinde kwenye mipaka ya shamba, mkitunza vile visiki vinavyochipua. Uwindaji bado umekatazwa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Sumu ya mishale isitengenezwe wala kuuzwa, hata kwa mgeni anayedai ni ya kuonyesha tu. Sumu hiyo haichagui mnyama wala mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mti wetu wa mwisho ulikatwa lini, na ulichongwa baada ya siku ngapi?

2. Ni nani kati yetu, au kati ya wazee wa kijiji, anayejua miti ya upinde? Tumemwuliza lini?

3. Tukirudishiwa kazi, huwa tunatafuta sababu ndani ya kazi au tunatafuta mtu wa kulaumu?

4. Nani atasimamia mizani kila Jumamosi, na nani atashika nafasi yake akiwa hayupo?

KAZI YA MWEZI HUU

Kateni vipande viwili vya mti mmoja, urefu sawa. Kimoja kizibeni ncha kwa nta siku hiyo hiyo, cha pili kiacheni wazi. Viwekeni pamoja kivulini. Baada ya wiki nne vileteni mbele ya mkutano, kila mwanachama avishike na kuvitazama ncha zake. Halafu amueni pamoja, mkiwa na ushahidi mkononi, kama mtaendelea kukata leo na kuuza mwezi ujao.